Njia Zilizoachwa na Kazi: Baisikeli, Mizabibu na Mifereji ya Bourgogne

Kusini mwa mji wa Beaune, katika eneo la Bourgogne mashariki mwa Ufaransa, kuna njia nyembamba inayokatiza mashamba ya mizabibu. Inapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet, vijiji ambavyo majina yake husomwa kwenye chupa za divai za bei kubwa kabisa duniani. Baada ya kilomita 20 na ushei inashuka Santenay, na hapo inakaribiana na mfereji uitwao Canal du Centre. Kando ya maji kuna njia nyingine, tambarare. Mwendesha baisikeli akiifuata atafika Chalon-sur-Saône, na kutoka hapo atashika njia ya tatu, iliyotandikwa juu ya tuta la reli ya zamani, hadi mji wa Cluny. Ukiacha makutano ya barabara na mitaa michache ya vijiji, safari hiyo haina malori wala magari ya kasi. Watoto hupita, wazee hupita, na aliyejifunza kuendesha wiki iliyopita naye hupita.

Hakuna hata moja kati ya njia hizo tatu iliyoanzishwa kwa ajili ya baisikeli. Ya kwanza ilikanyagwa na wakulima waliokwenda kuhudumia mizabibu. Ya pili ilikanyagwa na watu na wanyama waliokokota mashua kwa kamba. Ya tatu ilibeba garimoshi. Kila moja ni mabaki ya kazi, na kila moja ingeweza kupotea pale kazi yenyewe ilipokwisha au kubadilika. Kuwepo kwake hadi leo ni matunda ya sheria za ardhi na za maji, nyingi zikiwa zimetungwa na watu ambao hawakuwahi kuiona baisikeli. Anayetaka kujua barabara salama hutoka wapi ana mengi ya kujifunza katika historia hiyo.

Watawa, watawala na mafungu ya ardhi

Mizabibu ilikuwapo Bourgogne tangu enzi za Warumi, lakini waliolitia shamba nidhamu ni watawa. Abasia ya Cluny ilianzishwa mwaka 910, ikakua hadi kanisa lake likawa kubwa kuliko yote katika Ukristo wa Magharibi, mpaka lilipojengwa Basilika la Mtakatifu Petro la sasa kule Roma. Mwaka 1098 watawa waliotamani maisha makali zaidi walianzisha abasia ya Cîteaux, katika tambarare iliyo mashariki ya vilima. Hao ndio waliolima Clos de Vougeot, shamba lililozungushiwa ukuta wa mawe unaoonekana hadi leo. Watawa walikuwa na kitu ambacho mkulima wa kawaida hakuwa nacho, yaani muda wa vizazi vingi. Waliweza kulinganisha zabibu za kipande hiki cha mteremko na za kipande cha jirani, mwaka baada ya mwaka, na kuandika tofauti zake.

Watawala nao waliingia shambani. Mwaka 1395 Mtawala Philippe, aliyeitwa Jasiri, alitoa amri kwamba mizabibu ya aina ya gamay, yenye mazao mengi na divai ambayo yeye aliiona duni, ing'olewe ili ibaki pinot noir. Mwaka 1443 Nicolas Rolin, waziri mkuu wa utawala huo, pamoja na mkewe Guigone de Salins, walianzisha hospitali ya maskini mjini Beaune. Hospitali hiyo ilirithishwa mashamba ya mizabibu na wafadhili wengi, na tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada wa kila mwaka.

Kutokana na uangalizi huo wa karne nyingi, kilima chote kiligawanyika katika vipande vyenye majina, mipaka na sifa zake. Shirika la UNESCO lilipoviingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2015, vilihesabiwa 1,247. Muda mrefu kabla ya hapo, Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yamevigawa zaidi kwa wamiliki wengi. Mali ya Kanisa ilitaifishwa mwaka 1789 na kuuzwa, na sheria ya mirathi iliyofuata ilitaka watoto wote wapate mafungu sawa. Clos de Vougeot, shamba la hekta 50 hivi lililokuwa la abasia moja, leo lina wamiliki karibu 80.

Hapo ndipo njia zilipozaliwa. Mwenye shamba moja kubwa hupita ndani ya ardhi yake apendavyo. Lakini ardhi ikishakatwa mafungu 80, kila mwenye fungu anahitaji mahali pa kupita yeye, kapu lake na farasi wake, bila kukanyaga mizabibu ya mwenzake. Ndiyo maana vilima vya Bourgogne vimefumwa wavu wa vichochoro, vingi vikiwa mali ya kijiji kizima. Ardhi iligawanywa hata ikawa vipande vidogo vidogo. Njia, kwa sababu hiyo hiyo, ikabaki ya wote.

Maji yapandayo mlima

Wakati watawa wakihangaika na udongo, wafalme walihangaika na uzito. Divai, kuni, mawe na nafaka ni mizigo mizito, na barabara za zamani zilikuwa tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Juu ya maji yaliyotulia farasi mmoja huvuta mzigo mkubwa mara nyingi kuliko ule anaoweza kuvuta kwa mkokoteni. Tatizo ni kwamba mito hutiririka inakotaka yenyewe. Loire huenda Bahari ya Atlantiki, Seine huenda kaskazini kwenye Mlango wa Bahari wa Uingereza, Saône huungana na Rhône kwenda Mediterania. Bourgogne imekaa katikati ya mito hiyo mitatu, na vilima vyake ndivyo vinavyoitenganisha.

Jibu lilikuwa lango la maji. Mashua huingia katika chumba cha mawe chenye malango mbele na nyuma. Lango la nyuma hufungwa, maji huachiwa kutoka juu, na mashua huinuka pamoja nayo hadi usawa wa mfereji wa mbele. Kwa ngazi za namna hiyo mashua huvuka mlima. Mfereji wa Briare, unaounganisha mabonde ya Loire na Seine, ulianza kuchimbwa mwaka 1604 wakati wa Mfalme Henri wa 4, chini ya mhandisi Hugues Cosnier, ukakamilika mwaka 1642. Malango yake saba ya kupanda mfululizo pale Rogny yalitumika hadi mwaka 1887 na bado yanasimama. Kusini mwa nchi, Pierre-Paul Riquet alijenga Canal du Midi kati ya 1666 na 1681, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi bahari ya Mediterania, kwa maji aliyoyakusanya milimani. Alifariki miezi michache kabla ya kuzinduliwa kwake.

Zamu ya Bourgogne ilifika katika karne ya 18. Mhandisi Émiland Gauthey alisimamia Canal du Centre, ulioanza kuchimbwa katika miaka ya 1780 na kupitisha mashua mwanzoni mwa miaka ya 1790, kilomita 112 kutoka Chalon hadi Digoin, ukiunganisha Saône na Loire. Canal de Bourgogne, unaounganisha Saône na bonde la Seine, ulianza mwaka 1775, ukakatishwa na Mapinduzi na vita, na ukafunguliwa wote mwaka 1832. Una kilomita 242 na malango ya maji 189. Kileleni, Pouilly-en-Auxois, wachimbaji walitoboa handaki la mita 3,333 chini ya kilima.

Mpangilio huo ndio unaomfaa mwendesha baisikeli wa leo. Kati ya lango na lango maji yametulia tuli, kwa hiyo na njia iliyo kando yake ni tambarare kabisa. Mpando wote wa mlima umekusanywa kwenye malango, na kila lango humpa mwendeshaji kijimwinuko kifupi cha mita chache. Mtu anaweza kuvuka mgongo wa maji wa Ulaya Magharibi, akatoka bonde la Mediterania na kuingia bonde la Atlantiki, asihisi hata mara moja kwamba amepanda mlima.

Kamba kifuani

Mashua hazikuwa na injini. Zilikokotwa, na aliyekokota alihitaji pa kukanyaga. Sheria ilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1669, chini ya Colbert, waziri wa Mfalme Louis wa 14, ilitolewa Amri ya Maji na Misitu iliyowataka wenye ardhi kandokando ya mito inayopitika kwa mashua waache wazi upana wa futi 24 za wakati huo, yaani mita 7.80, kwa ajili ya farasi wa kukokota. Wasipande mti wala wasijenge uzio karibu kuliko mita 9.75 upande huo. Kwenye mifereji mambo yalikuwa wazi zaidi, kwa kuwa ardhi ya mfereji na kingo zake ilitwaliwa mara moja kama ukanda mmoja. Kipimo kile cha mita 7.80 hakijafutwa, bado kimo katika sheria za Ufaransa.

Waliotumia ukanda huo hawakuwa watalii. Mwenye uwezo alikodi farasi au nyumbu. Asiye na uwezo alijifunga mkanda wa ngozi au wa turubai kifuani, akainama mbele hadi mwili ukalala karibu sambamba na ardhi, na kukokota tishari mwenyewe. Mara nyingi mkewe alikuwa kamba ya pili, na watoto wakashika usukani. Mwendo wao ulikuwa wa chini kuliko wa mtu anayetembea. Katika handaki la Pouilly hapakuwa na hata njia ya kukanyaga, hivyo mabaharia waliisogeza mashua gizani kwa mikono yao, hadi ilipoletwa mwaka 1867 meli ya mvuke iliyojivuta kwa mnyororo uliolala chini ya maji. Wanyama walizungushwa juu ya kilima, na huko huko ndiko zinakopita baisikeli leo.

Mwaka 1879 waziri wa ujenzi Charles de Freycinet alipitisha mpango wa kuyafanya malango yote makuu yawe na kipimo kimoja, mita 39 kwa mita 5.20, ili tishari la zaidi ya tani 250 lipite kote. Canal du Centre ulipanuliwa. Makaa ya mawe ya Montceau-les-Mines yakasafiri juu yake, na bonde la mto Bourbince likajaa viwanda vya vigae, matofali na vyombo vya udongo vilivyopata makaa kwa maji na kutoa bidhaa zao kwa maji. Njia ya kukokotea iliimarishwa, ikatiwa kokoto, ikapandwa miti ya kushika kingo. Kivuli anachokifurahia mpita njia leo asili yake ni hesabu za wahandisi.

Mji wa Chalon na mashine mbili

Mwishoni mwa mfereji, Chalon-sur-Saône, aliishi Nicéphore Niépce, mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa picha ya kwanza iliyobaki hadi leo kati ya zile zilizopigwa kwa kamera, aliyoipiga katika miaka ya 1820 kijijini Saint-Loup-de-Varennes. Kabla ya hapo alikuwa amegusa mambo mengine mawili yanayohusu habari yetu moja kwa moja. Mwaka 1807 yeye na kaka yake Claude walipata hataza ya mashine iliyopata nguvu kwa kulipua unga ndani ya chumba cha chuma, na kwa mashine hiyo waliisukuma mashua juu ya maji ya Saône. Ilikuwa miongoni mwa injini za kwanza duniani za kuunguza fueli ndani kwa ndani, mababu wa injini ya gari. Kisha, mwaka 1818, alivutiwa na kifaa kipya cha Mjerumani Karl Drais, kiti juu ya magurudumu mawili ambacho mpandaji alikisukuma kwa miguu yake. Niépce alijitengenezea cha kwake, akakiwekea kiti kinachopandishwa na kushushwa.

Kwa hiyo mtu mmoja, katika mji mmoja wa mtoni, alishika mikononi mbegu ya injini na mbegu ya baisikeli. Katika karne iliyofuata mbegu ya kwanza ingewaondoa farasi kwenye mfereji na kuwafukuza watembea kwa miguu barabarani. Ya pili ingekuja baadaye kuurithi ukingo ulioachwa.

Baisikeli yenyewe ilichukua muda kukomaa. Pedali ziliwekwa kwenye gurudumu la mbele katika miaka ya 1860. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha la nyuma, umbo tunalolijua hadi sasa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Miaka miwili baadaye ilianzishwa Touring-Club de France, chama kilichochora ramani, kuweka vibao vya njia na kuwafundisha Wafaransa kwamba nchi yao inaweza kuonwa kwa miguu juu ya pedali. Tangu mwaka 1893 serikali ilianza kutoza kodi ya baisikeli, ishara kwamba zilikuwa zimekuwa nyingi kiasi cha kuhesabiwa.

Mpira wa Congo

Historia ya safari tulivu haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kusema mpira ulitoka wapi. Tairi la Dunlop liliifanya baisikeli iwe chombo cha starehe, na kwa ghafla viwanda vya Ulaya na Marekani vilihitaji mpira kuliko ulivyopata kuhitajika. Mashamba ya mipira ya Asia yalikuwa bado hayajaanza kuzaa. Mpira uliokuwa ukipatikana ulikuwa wa porini, na sehemu yake ilitoka katika misitu ya Congo, nchi ambayo Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulifungua mlango wa kuiacha mikononi mwa Mfalme Leopold wa 2 wa Ubelgiji kama milki yake binafsi.

Wanavijiji walilazimishwa kuleta kiwango fulani cha utomvu wa mitambaazi ya msituni. Wanawake walishikwa mateka hadi waume zao walete mzigo. Vijiji vilivyoshindwa vilichomwa, watu waliuawa, mikono ilikatwa. Taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1904, pamoja na kampeni ya mwandishi wa habari E. D. Morel, ziliyaweka hayo mbele ya macho ya dunia, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Congo kwa dola ya Ubelgiji. Miaka ambayo baisikeli ilisifiwa Ulaya kuwa chombo cha uhuru ndiyo miaka ambayo mpira ulikuwa utumwa katika Afrika ya Kati. Waliolipa gharama hiyo wanastahili kutajwa katika kila simulizi ya chombo hiki.

Kidudu, reli na trekta

Vilimani mambo nayo yalikuwa yakigeuka. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules Émile Planchon alitambua kidudu kilichokuwa kikiua mizabibu kusini mwa Ufaransa kwa kunyonya mizizi yake. Kiliitwa filoksera, na kilikuwa kimetoka Amerika. Mwaka 1875 kilionekana Mancey, kusini mwa Bourgogne, na mwaka 1878 kikafika Meursault. Dawa haikuponya. Iliyofaa ni kupandikiza vikonyo vya mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Amerika ambayo mizizi yake huvumilia kidudu hicho. Kilima kizima ilibidi king'olewe na kupandwa upya.

Upandaji huo mpya ulibadilisha sura ya nchi. Zamani mizabibu ilisongamana bila mpangilio, kwani mkulima alilaza tawi la mzabibu mzee ardhini likaota mzizi popote palipo na nafasi. Mzabibu uliopandikizwa hauwezi kuzalishwa hivyo, hivyo ulipandwa kwa mistari iliyonyooka, na katikati ya mistari akapita farasi na jembe lake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilikuja trekta refu linalotembea juu ya mstari, magurudumu yake upande huu na upande ule. Trekta zilihitaji njia ngumu, na vichochoro vya zamani vikawekewa zege au lami. Njia ya baisikeli ya mizabibuni ilipokuja kuwekewa vibao, nyingi ya kazi ilikuwa imeshafanywa.

Reli, kwa upande wake, iliinyang'anya mifereji riziki. Garimoshi kutoka Paris lilifika Dijon mwaka 1851, na divai iliyokuwa ikisafiri kwa wiki kadhaa ikafika kwa siku moja. Reli ndogo zikatawanyika mabondeni, mojawapo ikiwa ile ya kutoka Chalon kupita Givry, Buxy na Saint-Gengoux hadi Cluny. Wahandisi wake walikwepa mipando mikali, wakakata vilima na kujaza mabonde, kwa sababu garimoshi huchoka haraka likipanda. Walichokiacha ni tuta linalopanda taratibu mno hata mtoto hahitaji kushuka na kusukuma.

Karne ya gari

Kwa muda mfupi kila barabara ya Ufaransa ilikuwa ya baisikeli. Juni 1936 serikali ya mrengo wa kushoto ya Front Populaire ilipitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo, na kiangazi hicho familia za wafanyakazi ziliondoka mijini kwa baisikeli, nyingine za watu wawili, mahema yakiwa nyuma. Wengi walikuwa hawajawahi kuiona bahari.

Miaka 30 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Gari lilikuwa mali ya nyumba nyingi, na barabara ya kijiji ikawa mahali pa hatari. Mwaka 1972 pekee watu zaidi ya 16,000 walikufa katika barabara za Ufaransa. Mzazi aliyekuwa amekwenda shule kwa baisikeli hakuthubutu tena kumwachia mwanawe aende hivyo. Wakati huo huo mifereji midogo ilikuwa ikifa kibiashara. Matishari yenye injini yalikuwa yamewaondoa farasi, na malori yakayaondoa matishari. Njia za kukokotea ziliota nyasi, nazo zikiwa bado za shughuli za mfereji tu, na kuzipitia kwa baisikeli kulihitaji kibali. Reli ndogo zilifungwa moja baada ya nyingine, vyuma vikang'olewa.

Hii ilikuwa saa ya hatari kuliko zote. Kwingi nchini ardhi ya reli iliyofungwa iliuzwa kipande kipande, huyu akaongeza bustani, yule akajenga gereji. Njia ya kilomita 40 ikishatolewa mita 50 katikati, siyo njia tena.

Koleo lavunjika, uhunzi waendelea

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1997 jimbo la Saône-et-Loire lilifungua kilomita 44 za lami laini kutoka Givry hadi Cluny juu ya tuta la ile reli ya zamani, na hiyo hutajwa kuwa njia ya kijani ya kwanza ya aina yake Ufaransa. Inapita Buxy, ambako divai nyeupe ya Montagny hutoka; inapita Cormatin na kasri lake; inapita chini ya kilima cha Taizé, makao ya jumuiya aliyoianzisha Ndugu Roger mwaka 1940, ambayo nyimbo zake za sala huimbwa hata katika makanisa ya Afrika Mashariki. Baadaye iliendelezwa kusini ya Cluny kupitia handaki la Bois Clair, la urefu wa kilomita 1.6. Handaki hilo hufungwa wakati wa baridi ili popo walale kwa amani, na baisikeli huzunguka kwa juu.

Mwaka uliofuata, 1998, serikali ilipitisha mpango wa taifa wa mtandao wa njia za baisikeli, na mwaka 2004 kanuni za barabarani zikaitambua rasmi njia ya kijani, iliyotengwa kwa watembea kwa miguu, wapanda farasi na vyombo visivyo na injini. Voies navigables de France, taasisi ya umma iliyoundwa mwaka 1991 kusimamia kilomita 6,700 hivi za mito na mifereji, ilianza kukubaliana na majimbo na miji kuhusu kufungua kingo. Ukingo wa Canal du Centre ukawa sehemu ya EuroVelo 6, njia ya zaidi ya kilomita 3,600 kutoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi, inayofuata Loire, Saône, Doubs, Rhine na Danube. Nyumba za walinzi wa malango, zilizokuwa tupu, nyingine zimekuwa mikahawa na nyumba za wageni.

Urithi huu hauko salama moja kwa moja. Mfereji hunyweshwa na mabwawa yaliyo juu ya kilele, na katika kiangazi kikavu kama cha mwaka 2022 sehemu za mifereji zilifungiwa mashua kwa kukosa maji. Mfereji usiopitiwa huanza kusahauliwa kwenye bajeti, na ukingo usiotengenezwa humomonyoka pamoja na njia iliyo juu yake. Kilimani joto linasogeza kalenda. Kumbukumbu za tarehe za mavuno za Beaune zinazorudi hadi mwaka 1354, zilizochambuliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, zinaonyesha kwamba tangu 1988 zabibu huvunwa karibu wiki mbili mapema kuliko wastani wa karne zilizotangulia. Mavuno yaliyokuwa ya Septemba na Oktoba sasa huangukia hata Agosti, wakati wageni wa baisikeli ni wengi na matrekta yanahitaji njia ile ile. Adabu ya kupishana inabidi ifundishwe, na mwenye haki ya kwanza shambani ni anayevuna.

Ukanda usiogawanywa

Tukiziweka njia hizi tatu pamoja, tunaona kwamba zimeokolewa kwa jambo moja. Kilimani, ardhi iligawanywa hadi ukomo, lakini kichochoro kilibaki cha kijiji. Mfereji ulichimbwa juu ya ukanda mmoja wa umma ambao hakuna aliyeruhusiwa kuujengea uzio. Reli ilijengwa juu ya ukanda mwingine, na palipookolewa ni pale ambapo jimbo liliuchukua mzima kabla haujakatwa. Fedha za lami zilikuja mwisho na zilikuwa sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ilikuwa kuulinda mstari katika miongo ile ambayo ulionekana hauna faida, wakati kila mwenye shamba jirani alikuwa na sababu nzuri ya kuutaka.

Hilo linahitaji watawala wenye macho ya mbali na raia wanaowabana. Colbert alipima mita 7.80 kwa ajili ya farasi; farasi wameondoka, kipimo kimebaki, na mtoto wa leo anapita humo bila hofu. Waliokokota mashua kwa vifua vyao hawakupata starehe yoyote katika njia ile. Deni letu kwao, na kwa wale wa misitu ya Congo waliolipia matairi ya kwanza kwa damu, ni kuhakikisha kwamba walichokitolea jasho hakiishii mikononi mwa wachache. Nchi yoyote yenye reli iliyolala, mfereji uliosahauliwa au njia ya zamani ya mashambani ina nafasi hiyo hiyo kwa muda fulani tu. Ukanda ukiwa mzima, uamuzi wa kuutumia unaweza kusubiri hata miaka 50. Ukishakatwa, kuuunganisha tena kutahitaji kubomoa nyumba za watu, na hakuna serikali inayopenda kufanya hivyo kwa ajili ya baisikeli.